Liu Hong wa China na Fani ya Mwendo

Lugha ya Kiswahili hutenga waziwazi mtu anayekwenda na mtu anayekimbia. Akimbiaye twasema yuko mbioni; aendaye, hata akizidisha hatua, twasema yumo katika mwendo. Upo mchezo mmoja wa riadha uliojengwa juu ya tofauti hiyo hiyo, nao ni mashindano ya kutembea kwa kasi. Mshindani huruhusiwa kwenda haraka kadiri ya nguvu zake, ila ni haramu kwake kukimbia. Watu wengi wauonapo mchezo huu kwa mara ya kwanza hucheka, kwa kuwa viuno hutikisika na mikono hupunga kama ya mtu aliyechelewa sokoni naye hataki majirani wajue kwamba amechelewa. Lakini mwalimu hapaswi kuishia katika kicheko. Nyuma ya mwendo huo kuna ufundi mgumu, na katika historia yake mna mambo yanayofaa kufundishwa darasani.

Makala haya yanamhusu mwanamke mmoja wa China, Liu Hong, aliyekuwa miongoni mwa vinara wa fani hiyo kwa zaidi ya miaka kumi. Yafaa tukumbuke kwamba kwa desturi ya Wachina jina la ukoo hutangulia. Hivyo Liu ni ukoo, na Hong ni jina alilopewa. Nimemchagua huyu, na si mwingine, kwa sababu moja. Maisha yake ya michezo yameandikwa mara mbili: mara ya kwanza siku ya mashindano, na mara ya pili miaka mingi baadaye, wakati hesabu zilipofunguliwa upya na kusahihishwa. Anayesoma kitabu cha zamani atakuta Liu Hong mmoja, na anayesoma cha leo atakuta mwingine.

Sheria ya mguu na sheria ya goti

Mashindano haya yana sheria mbili za msingi. Ya kwanza ni kwamba mshindani asiachane na ardhi. Mguu wa nyuma usinyanyuke kabla ule wa mbele haujatua, kwa kadiri jicho la binadamu liwezavyo kuona. Ya pili ni kwamba mguu utuao mbele uwe umenyooka gotini tangu unapogusa ardhi mpaka mwili unapopita wima juu yake. Sheria ya kwanza humzuia mtu kuruka, na ya pili humzuia kujisukuma kwa goti kama afanyavyo mkimbiaji. Ndiyo maana viuno huzunguka: nguvu iliyokatazwa gotini hutafuta njia nyingine ya kupitia.

Waamuzi husimama kandokando ya barabara. Mwamuzi akimwona mshindani anakaribia kuvunja sheria, humwonyesha kibao cha rangi ya manjano chenye alama ya kosa lenyewe. Akiona kosa limetendeka, huandika kadi nyekundu. Kwa miaka mingi kadi tatu kutoka kwa waamuzi watatu mbalimbali zilitosha kumtoa mtu mashindanoni, hata awe amebakiza hatua chache tu. Katika miaka ya karibuni imeongezwa sehemu ya adhabu, ambamo mwenye kadi tatu husimama kwa muda uliowekwa kabla ya kuendelea. Kadi ya nne ndiyo humtoa kabisa.

Uamuzi huu wote hutegemea macho. Picha za sinema zikionyeshwa polepole mara nyingi hudhihirisha kwamba miguu yote miwili imeachana na ardhi kwa kitambo kidogo sana, lakini sheria haiitumii picha hiyo. Imeliachia kazi jicho tupu. Kwa hiyo mchezo huu umekiri tangu mwanzo kwamba macho ya binadamu yana mpaka wake. Naomba msomaji aliweke akilini neno hilo, kwani tutalirudia.

Waliomtangulia

Liu Hong hakuzuka katika nchi isiyokuwa na mila ya mchezo huu. Mwaka 1983, katika Kombe la Dunia la Mwendo lililofanyika Bergen, Norway, mwanamke wa Kichina Xu Yongjiu alishinda kilomita 10. Miaka miwili baadaye, mwaka 1985, Yan Hong, naye pia wa China, alishinda kombe hilo hilo katika kisiwa cha Man. Wakati ule China ilikuwa ndiyo kwanza inarejea katika mashindano makubwa ya riadha baada ya kutengwa nayo kwa miaka mingi. Mwendo ukawa mojawapo ya milango ya kwanza kuifungukia.

Katika Michezo ya Olimpiki wanaume walikuwa wakishindana kwa mwendo tangu mwanzo wa karne ya 20, ilhali wanawake walingoja mpaka Barcelona, mwaka 1992. Siku hiyo ya kwanza kabisa Alina Ivanova, aliyeiwakilisha timu ya jamhuri za uliokuwa muungano wa Kisovieti, alifika wa kwanza na kushangilia. Kisha akaarifiwa kwamba waamuzi wamemtoa. Dhahabu ikaenda kwa Chen Yueling wa China, ambaye hivyo alikuwa mwanamke wa kwanza wa Asia kupata dhahabu ya Olimpiki katika riadha.

Mwaka 2000 huko Sydney, masafa yalipoongezwa kuwa kilomita 20 kwa wanawake, mambo yalikuwa makali zaidi. Wanawake watatu walioongoza kwa zamu walitolewa mmoja baada ya mwingine: Liu Hongyu wa China, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mwaka 1999, Elisabetta Perrone wa Italia, na mwisho Jane Saville wa Australia, mwenyeji, aliyeonyeshwa kadi alipokuwa karibu kuingia katika uwanja uliojaa watu wa nchi yake. Mshindi akawa Wang Liping, Mchina pia. Msomaji asimchanganye Liu Hongyu huyu na Liu Hong wetu. Majina yanakaribiana, lakini ni watu wawili.

Kwa hiyo katika fani ya mwendo Wachina walijifunza mapema mambo mawili: kwamba anayetangulia siye lazima mshindi, na kwamba anayefuata nyuma kwa nidhamu asikate tamaa.

Binti wa Anfu

Liu Hong alizaliwa tarehe 12 Mei 1987 katika wilaya ya Anfu, jimbo la Jiangxi, upande wa kusini mashariki wa China. Alianza kwa mbio za kawaida, baadaye akahamia katika mwendo na kujiunga na wanamichezo wa jimbo la Guangdong. Mabadiliko ya namna hii si jambo la ajabu katika China, ambako walimu wa michezo huwatazama vijana kwa makini na kuwahamishia pale maumbile na tabia zao zinapoelekea. Mwendo hutaka pumzi ya mkimbiaji wa masafa marefu, lakini hutaka zaidi ya hapo mtu mwenye kuitawala nafsi yake: awe amechoka, awe anafukuzwa, na bado asikubali mguu utoroke.

Mwaka 2006 jina lake lilianza kusikika nje ya nchi. Alishinda mashindano ya dunia ya vijana yaliyofanyika Beijing, na mwisho wa mwaka huo huo akashinda kilomita 20 katika Michezo ya Asia huko Doha, akiwa na umri wa miaka 19.

Miaka ya nafasi ya nne

Sasa nitasimulia matokeo yake kama yalivyotangazwa siku yenyewe, bila ya kugusa masahihisho. Masahihisho yatafuata.

Olimpiki ya mwaka 2008 ilikuwa Beijing, nyumbani. Siku ya mashindano ya wanawake mvua ilinyesha kwa nguvu. Liu Hong, mwenye miaka 21, alitembea kilomita 20 kwa saa 1, dakika 27 na sekunde 17. Elisa Rigaudo wa Italia, aliyepata shaba, alimtangulia kwa sekunde 5. Olga Kaniskina wa Urusi alitwaa dhahabu. Liu Hong akawa wa nne, nafasi ambayo kila mwanamichezo anaijua uchungu wake, kwa kuwa wa tatu hupandishwa jukwaani na wa nne hurudi na mfuko wake chumbani.

Mwaka 2009, katika mashindano ya dunia ya Berlin, alipata shaba. Kaniskina alikuwa wa kwanza. Mwaka 2011, huko Daegu, Korea ya Kusini, alipata fedha, nyuma ya Kaniskina yule yule. Mwaka 2012 ikawa zamu ya London, katika barabara pana iendayo kwenye jumba la kifalme. Urusi ilitoa dhahabu na fedha: Elena Lashmanova alishinda kwa saa 1, dakika 25 na sekunde 2, ambayo ilikuwa rekodi ya dunia, na Kaniskina akamfuata. Shaba ilikwenda kwa Qieyang Shijie, binti wa Kitibeti kutoka jimbo la Qinghai, mwenzake Liu Hong katika timu ya China. Liu Hong alifika nyuma yao, akawa wa nne kwa mara ya pili katika Olimpiki. Na mwaka 2013, Moscow, alipata shaba nyuma ya Lashmanova na Anisya Kirdyapkina, wote wa Urusi.

Tazama basi orodha hiyo: wa nne, shaba, fedha, wa nne, shaba. Mtu angeweza kusema kwa haki kabisa, kwa hesabu za wakati ule, kwamba huyu ni mwanamichezo hodari ambaye hana ile nguvu ya mwisho ya ubingwa. Kwa kweli yamkini yeye mwenyewe alijiuliza swali hilo. Lakini hakuacha.

Mwaka wa rekodi na mwaka wa Rio

Tarehe 6 Juni 2015, katika mji wa A Coruña, Hispania, Liu Hong alitembea kilomita 20 kwa saa 1, dakika 24 na sekunde 38. Rekodi ya dunia ikawa yake. Ili wanafunzi wapate kuielewa hesabu hiyo, wapewe jambo rahisi: ni sawa na kumaliza kila kilomita kwa dakika 4 na sekunde 14, mara 20 mfululizo, bila ya kukimbia hata hatua moja. Vijana wengi wenye afya nzuri, wakiruhusiwa kukimbia, hawataweza kumfuata kwa kilomita 3.

Miezi miwili baadaye mashindano ya dunia yalifanyika Beijing, katika uwanja ule uitwao Kiota cha Ndege. Liu Hong na mwenzake Lü Xiuzhi waliwaacha wengine wote, wakaingia uwanjani pamoja mbele ya umati wa nyumbani, na wote wawili wakaandikiwa muda mmoja: saa 1, dakika 27 na sekunde 45. Dhahabu ilipewa Liu Hong. Hiyo ndiyo iliyokuwa dhahabu pekee ya China katika mashindano yale yote, na hapo ndipo wananchi wengi ambao hawakuwahi kuujali mchezo wa mwendo walipolijua jina lake.

Tarehe 19 Agosti 2016, Rio de Janeiro, alikamilisha safari. Mpaka mwisho wa njia bado alikuwa na wapinzani kando yake. María Guadalupe González wa Mexico alimfuata kwa sekunde 2, na Lü Xiuzhi kwa sekunde 7. Muda wa Liu Hong ulikuwa saa 1, dakika 28 na sekunde 35. Katika Olimpiki ile riadha ya China ilipata dhahabu mbili tu, na zote mbili zilitoka katika mwendo: ya pili ilikuwa ya Wang Zhen kwa upande wa wanaume.

Hata hivyo mwandishi wa historia hana ruhusa ya kuchagua mazuri peke yake. Mwezi Mei wa mwaka huo huo wa 2016 Liu Hong alikuwa ameshinda mashindano ya dunia ya timu za mwendo mjini Roma. Alipopimwa alikutwa na higenamini, kemikali iliyopigwa marufuku, ambayo hupatikana katika baadhi ya mimea itumiwayo katika dawa za asili za Kichina. Adhabu yake ilikuwa nyepesi, mwezi mmoja tu wa kuzuiwa, kisha akaruhusiwa kwenda Rio. Lakini ushindi wa Roma ulifutwa na kupewa González. Sheria haiulizi tu kama umekusudia. Huuliza pia kama ulichunga kinachoingia mwilini mwako.

Hesabu zilizosahihishwa

Sasa turudi kwenye lile neno la macho. Waamuzi wa barabarani huweza kuliona goti lililokunjwa na mguu ulioruka. Hawawezi kuiona damu. Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa udanganyifu.

Katika mji wa Saransk, Urusi, kulikuwa na kituo mashuhuri cha mwendo chini ya mkufunzi Viktor Chegin. Wanafunzi wake walijaza majukwaa ya dunia kwa miaka kadhaa. Baadaye wataalamu wakaanza kutumia njia mpya: badala ya kutafuta dawa fulani katika mkojo wa siku moja, walipima damu ya mwanamichezo mara nyingi, mwaka hadi mwaka, na kuziweka hesabu zake pamoja kama vile mwalimu anavyoweka alama za mwanafunzi. Zikipanda na kushuka kwa namna isiyowezekana kwa maumbile, udanganyifu hudhihirika ingawa dawa yenyewe haikuonekana. Wanamichezo zaidi ya ishirini wa kituo kile walipatikana na hatia, na mwaka 2016 Chegin alipigwa marufuku ya maisha.

Mwezi Machi 2016 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliamua kwamba matokeo ya Kaniskina kuanzia tarehe 15 Agosti 2009 hadi Oktoba 2012 yafutwe. Dhahabu yake ya Beijing ya mwaka 2008 ilibaki, kwa kuwa ilitangulia kipindi hicho. Lakini Berlin, Daegu na London zilianguka. Shaba ya Liu Hong ya Berlin ikawa fedha. Fedha yake ya Daegu ikawa dhahabu. Nafasi yake ya nne ya London ikawa shaba. Baadaye matokeo ya Kirdyapkina nayo yakafutwa. Kisha mwaka 2022, baada ya uchunguzi wa kumbukumbu zilizotoka katika maabara ya Moscow, Lashmanova alikiri, na matokeo yake kuanzia Februari 2012 hadi mwanzo wa mwaka 2014 yakaondolewa.

Hapo hesabu zikakamilika. Katika mashindano ya Moscow ya mwaka 2013, ambako Liu Hong alikuwa wa tatu, waliomtangulia wote wawili wameondolewa, na yeye sasa ndiye wa kwanza. Katika Olimpiki ya London, Qieyang Shijie aliyesimama kwenye ngazi ya shaba ndiye bingwa. Liu Hong aliyekuwa wa nne amepata fedha. Na Lü Xiuzhi aliyefika wa sita amepata shaba. Nishani zote tatu ni za China, ilhali siku yenyewe ya tarehe 11 Agosti 2012 China ilipata moja.

Methali yetu yasema subira huvuta heri, na haki imerudi kwa wenyewe. Hata hivyo tusiharakishe kufurahi. Jambo gani hasa limerudi? Nishani imerudi, na jina limeandikwa mahali pake. Lakini wimbo wa taifa ambao ungepigwa London kwa ajili ya Qieyang haukupigwa siku ile, na umati ulikwisha tawanyika. Miaka kumi ya maisha ya mwanamichezo si kitu kidogo. Wengi huanza na kumaliza ndani yake. Liu Hong alibahatika kwa kuwa hakuacha, akajipatia dhahabu za Beijing na Rio kwa miguu yake wakati watu wakitazama. Asingezipata hizo, angeweza kumaliza maisha ya michezo akijiona mshindwa, huku kwa hakika akiwa amekwisha kuwa bingwa wa dunia pasipo mtu yeyote kujua, yeye mwenyewe miongoni mwao.

Mama barabarani

Baada ya Rio alipumzika, na mwaka 2017 akajifungua mtoto wa kike. Wengi walidhani kwamba amestaafu. Mwezi Machi 2019, mjini Huangshan, alirejea katika masafa ambayo wanawake walikuwa wamefunguliwa miaka michache tu nyuma, kilomita 50, na kuyamaliza kwa saa 3, dakika 59 na sekunde 15. Hakuna mwanamke aliyekuwa ameshuka chini ya saa 4 kabla yake. Masafa hayo baadaye yaliondolewa katika mashindano makubwa.

Mwezi Septemba wa mwaka huo alikwenda Doha katika mashindano ya dunia. Kwa sababu ya joto, mwendo wa wanawake ulianza karibu na saa 5 na nusu za usiku, pwani, na bado hewa ilikuwa nzito kwa joto na unyevu. Muda wake wa ushindi, saa 1, dakika 32 na sekunde 53, ni wa polepole ukilinganishwa na rekodi yake, na polepole hiyo ndiyo ushahidi wa busara yake. Aliyetaka kwenda kwa hesabu za A Coruña usiku ule asingefika. Wachina watatu walishika nafasi tatu za kwanza: Liu Hong, Qieyang Shijie na Yang Liujing. Kwa hesabu zilizosahihishwa hiyo ilikuwa dhahabu yake ya nne ya dunia, baada ya 2011, 2013 na 2015.

Mwaka 2021 Yang Jiayu, Mchina wa kizazi kilichofuata, aliivunja rekodi yake ya kilomita 20 kwa kutembea saa 1, dakika 23 na sekunde 49. Hata hivyo katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka huo, ambayo mwendo wake ulihamishiwa Sapporo ili kukwepa joto, ni Liu Hong mwenye umri wa miaka 34 aliyeileta nyumbani shaba, nyuma ya Antonella Palmisano wa Italia na Sandra Arenas wa Kolombia. Hivyo akawa na nishani za Olimpiki za aina zote tatu: fedha ya London iliyochelewa, dhahabu ya Rio, na shaba ya Sapporo. Mwaka 2024 huko Paris alishiriki Olimpiki yake ya tano. Safari hii dhahabu ilikuwa ya Yang Jiayu.

Juu ya umaarufu

Twaweza kuuliza: mtu huyu amependwa kiasi gani na watu wake? Jibu la haki ni kwamba umaarufu wa watembeaji una msimu. Liu Xiang, aliyeshinda mbio za kuruka viunzi huko Athens mwaka 2004, alijulikana na kila mtoto wa China. Watembeaji waliojaza kabati la nishani kwa miongo minne hujulikana zaidi wiki ile ya Olimpiki, kisha husahauliwa mpaka miaka minne ipite. Mchezo wenyewe hauna mng'aro. Hauna mlio wa bunduki unaofuatwa na sekunde kumi za kishindo. Una saa moja na nusu ya kuzunguka barabara ile ile.

Lakini heshima ya Liu Hong imekuwa ya namna nyingine. Haikuja kwa siku moja wala haikuondoka kwa siku moja. Walioanza kumtazama wakiwa wanafunzi mwaka 2008, mvua ikinyesha Beijing, walimtazama tena Paris wakiwa na watoto wao. Yeye naye alikuwa mama. Mapenzi ya namna hiyo hujengwa polepole, na kwa mtu ambaye kazi yake ni kwenda pasipo kukimbia, ndiyo yanayomfaa.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki, ambako mbio zimetupatia sifa duniani, mwendo umekuwa mtoto wa kambo. Na bado Wakenya Samuel Gathimba na Emily Ngii wameuletea ubingwa wa Afrika, na wote wawili wamepata shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Gathimba mwaka 2018 na Ngii mwaka 2022. Walimu wa michezo shuleni hawana haja ya vifaa vya gharama ili kuuanzisha; barabara na jicho la haki vyatosha.

Kwa mwalimu wa lugha na historia kuna kazi ya namna yake. Wape wanafunzi majedwali mawili: matokeo ya London kama yalivyotangazwa mwaka 2012, na matokeo yale yale kama yasimamavyo leo. Waulize ni lipi la kweli. Wengine watajibu la pili, na watakuwa sawa. Lakini asitokee wa kulichana la kwanza, kwani hilo nalo ni historia: linatuonyesha watu walivyoamini siku ile, na jinsi imani hiyo ilivyokosea. Kisha wawekee pia ukurasa wa Roma wa mwaka 2016, ambapo jina lililofutwa ni la Liu Hong mwenyewe, ili wasidhani kwamba masahihisho ni silaha ya kuwapiga wageni peke yao.

Katika barabara ya mwendo mwamuzi husimama akitazama goti na mguu, naye hushuhudia kile tu anachokiona. Mwandishi wa historia naye ni mwamuzi, ila yeye amepewa muda zaidi. Hana udhuru wa kuacha kosa likae kitabuni kwa sababu tu lilikwisha kuchapwa.